Msiro wa Mume Aliye Safarini

Yule mtu anaitwa Doutor Clésio, na kazi yake, Mungu anisamehe, ni alama. Hazichori, hazichongi, wala hasimamishi vibao vya kuwaambia madereva wapunguze mwendo. Anazisoma. Alikaa chuo kikuu Maputo miaka na miaka akifundishwa kwamba kitu kimoja huweza kusimama mahali pa kingine, jambo ambalo hapa Quionga mtoto wa kike analijua hata kabla hajaota meno ya pili. Nilipoambiwa kwamba kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo, nilicheka mpaka mafuta yangu yakataka kuungua.

Siku ile ya kwanza nilikuwa nyuma ya nyumba napika mafuta ya nazi, ndiyo kazi inayoniweka mjini, na uso wangu wote ulikuwa mweupe kwa msiro, kuanzia penye mstari wa nywele mpaka chini ya kidevu. Akaletwa na jirani yangu Mwanawetu, ambaye alisoma Kireno shuleni na hajawahi kumruhusu mtu asahau. Doutor akasimama penye ua, mdomo wazi, kamera kifuani. Alivaa viatu vya kupandia milima. Hapa kwetu mlima hakuna.

"Que lindo," akasema, ndiyo kusema uzuri ulioje. "Mamã, naomba fotografia."

"Mwambie mie sijajipaka kwa ajili ya fotografia," nikamwambia Mwanawetu.

"Anajua, shoga. Amekuja kwa ajili ya msiro huo huo."

Na kweli alijua, nisimsingizie. Akakaa juu ya kinu changu, kinu nilichoachiwa na mama yangu, ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu anayekikalia, akaanza kueleza. Akataja mti wa msiro kwa jina la vitabuni, akaeleza unavyokatwa vijiti na kusagwa juu ya jiwe kwa matone ya maji. Akasema kwamba wasichana wa siku hizi wanajipaka kwa urembo tu, wakienda harusini au wakitaka ngozi laini. Lakini mke wa mtu, kwa watu wazima wa pwani hii, akitembea mchana kutwa na msiro uso mzima, sokoni, kisimani, hata msibani, anasema jambo moja: mume wangu yuko safarini, nyumba hii ina mwenyewe, mwanamume mwingine asinisogelee. Mume akirudi, mke ananawa uso mbele yake, na habari imekwisha. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Ndiyo maana nilimdharau zaidi, kwa sababu mtu aliyekosea unaweza kumsahihisha.

"Muulize mume wake yuko wapi," akamwambia Mwanawetu.

"Safarini," nikasema.

Macho yakamlowa. Nawaapia. Mtu mzima, ana ndevu, amepanda ndege kutoka Maputo, analizwa na neno moja la mwanamke ambaye hajui hata jina la baba yake. Akainua kamera. "Tazama mbali, mamã. Tazama kama unavyomtazamia mumeo." Nikatazama mbali. Mbuzi wa Mwanawetu alikuwa ameingia kwenye kisamvu changu na alikuwa anakila bila haraka, nami nikamkazia macho yule mbuzi kwa moyo wangu wote. Huko ndiko kutazamia mume ambako watu walikuja kukuona baadaye.

Safari yenyewe ya mume wangu ilikuwa hivi.

Anaitwa Shaweji, wa ukoo uliotoka upande wa Tanzania enzi za babu zao, mchuuzi wa sabuni na vitenge. Mwezi ule mji wa Palma uliposhambuliwa, milio ya bunduki ikasikika mpaka kwetu, Quionga nzima ilikimbia. Sisi tulijificha mikokoni, wengi tu, watu tunaojuana kwa majina ya mama zetu. Maji ya chumvi yalipanda na kushuka miguuni mwetu, na watoto tuliwaziba midomo kwa kanga. Shaweji akasimama mbele ya wote akasema, "Nakwenda mtoni Ruvuma kutafuta mashua. Nitarudi kuwachukua." Alisema kwa sauti nzito ya kiume. Shehe Suleimane alimwekea mkono kichwani akamwombea dua. Buanali, mkwezi wetu wa minazi, alikuwa amempakata binti yake Sumaia aliyekuwa anachemka kwa homa, na yule mtoto aliposikia neno mashua alifungua macho akauliza kama ina tanga. Mimi nilimpa Shaweji kipande cha muhogo kilichobaki. Akaondoka nacho.

Mashua haikuja. Tulitoka mikokoni kwa miguu yetu wenyewe, na Sumaia hakutoka. Nikakaa ukimbizini, nikarudi pamoja na wa kwanza waliorudi, nikakuta nyumba imebaki kuta nusu, na paa ni majivu. Nikakata miti, nikakanda udongo, nikasuka makuti, nikaisimamisha tena kwa mikono hii inayonuka nazi. Naipenda nyumba hii kuliko nilivyowahi kumpenda aliyenioa ndani yake. Nasema wazi, sina wa kumwogopa.

Kisha Dulla, mtu wa Msimbati anayevusha samaki wakavu, akaniletea habari aliyodhani itanifurahisha. Amemwona Shaweji Mtwara. Mzima, amenenepa, ana kibanda cha nguo sokoni na mke anaitwa Haula. Nikamtia Dulla chupa ya mafuta mkononi nikamwambia jambo hilo lisimtoke tena mdomoni. Sikulia. Kwa mtu yule nililia mikokoni nikamaliza.

Mtaniuliza, basi kwa nini niliendelea kusaga msiro kila asubuhi kwa ajili ya mwanamume wa namna hiyo? Kwa sababu ya Faquir.

Faquir ni shemeji yangu, kaka yake Shaweji. Wakati natomea kuta alikuwa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu huku Msumbiji, mgongo unamuuma. Nilipomaliza kuezeka, mgongo ukapona ghafla akarudi. Akaizunguka nyumba akigonga nguzo moja moja kwa kifundo cha kidole, kama mtu aliye dukani. Kiwanja ni cha baba yao, na minazi iliyo nyuma ni ya baba yao. Mke ambaye mumewe yuko safarini hakuna wa kumtoa nyumbani, huo ndio utaratibu wetu na hata Faquir hathubutu kuuvunja. Lakini mjane, eda yake ikiisha, anarudi kwao. Mke aliyetupwa vilevile. Na kwetu ni Mocímboa da Praia, ambako wazazi wangu wako makaburini na nyumba yao siku hizi imeota majani mpaka dirishani. Kwa hiyo Shaweji akifa, mie nje. Ikijulikana ana Haula wake Mtwara, mie nje. Katikati palikuwa na kinafasi chembamba, nami nikajibanza humo na msiro wangu.

"Shemeji Alima, kubali tu," Faquir alikuwa akiniambia, uso ameukunja kwa huzuni ya kukodi. "Ndugu yangu kafariki. Angekuwa hai angeleta habari."

"Njia ndefu, shemeji."

"Vaa mavazi ya eda, mama, upate thawabu."

Nilipokataa kuwa mjane, aliamua kunifanya mjane kwa nguvu. Akamfanyia nduguye hitima. Maiti hakuna, shahidi hakuna, lakini wali ulikuwepo, na Faquir alirudia sahani huku anafuta machozi kwa mkono uleule wenye mafuta. Mimi nilikwenda. Nilijipaka msiro mzito kuliko siku zote, nikakaa mbele kabisa upande wa wanawake. Walikuja mmoja mmoja kutaka kunipa pole, wananifikia, wananitazama uso, pole inawakwama kooni, wanauliza habari za minazi. Hitima ya watu ikaisha hivyo, hakuna aliyejua amemsomea nani.

Hayo yote Doutor Clésio hakuyaona. Aliona weupe, akaona mwanamke, akaona mapenzi.

Baada ya mvua, Mwanawetu alikuja mbio akitikisa simu yake. Picha yangu ilikuwa imetundikwa Pemba kwenye ukumbi wa maonyesho, kubwa kuliko mlango, na watu wenye tai wamesimama mbele yake na vinywaji mkononi. Chini pameandikwa Kireno, na Mwanawetu akanisomea kwa sauti ya redioni: "Alima, anayesubiri. Msiro kama alama ya upendo usiokufa." Nikamwambia anisomee tena. Akasoma. Nikamuuliza mbuzi wake hajambo.

Ningecheka mpaka leo kama picha ingebaki Pemba. Lakini picha siku hizi hazikai. Ikaingia kwenye simu, simu zikaivusha Ruvuma, ikafika sokoni Mtwara, na siku moja mtu akamsogezea Shaweji kioo cha simu puani: huyu si mkeo? Shaweji akamtafuta Doutor. Doutor, nasikia, alipiga kelele za furaha. Akampokea Shaweji mpakani kwa gari la projecto yake, na Mwanawetu akatumwa kuniletea bishara.

"Dada Alima, jiandae! Shaweji yu hai! Kesho wanamleta, na Doutor anakuja kukupiga picha ukinawa uso!"

Nilikuwa nageuza mbata juani. Niliona yote mara moja: ninanawa, watu wanapiga vigelegele, Shaweji anaingia mlango nilioutengeneza mimi, anavua viatu juu ya sakafu niliyoisiriba mimi, na kuanzia hapo nyumba ni yake. Akitaka kumleta Haula atamleta. Akitaka kupeana mkono na Faquir wauze minazi watauza. Nami nitakuwa nimempa kila kitu kwa kopo moja la maji. Niliogopa, na nilikasirika kwamba naogopa kitu kama Shaweji.

Nikawaza, nisiponawa je? Sikuwahi kusikia mke wa mtu hakunawa. Mama yangu hakunifundisha maana yake, kwa sababu haikuwahi kutokea.

Walifika kabla ya adhuhuri. Ua ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya marundo ya makumbi. Faquir alisimama kando, mweupe midomo. Mtu aliyemlia wali wa hitima yumo garini. Shehe Suleimane alikuwepo, na Buanali, kamba ya kukwelea begani. Doutor alikuwa amenunua beseni jipya la maua, birika, sabuni ya harufu na taulo, akavipanga kwenye jamvi mahali alipopima mwanga. Alimhamisha bibi mmoja kizee kwa sababu kivuli chake kilikuwa kinaharibu.

Shaweji akashuka. Kanzu mpya, tumbo jipya, manukato mpaka mbuzi akapiga chafya. Alikuwa anatabasamu tabasamu la mtu aliyeambiwa na picha kwamba anapendwa, akakubali bila kushangaa.

"Mke wangu," akasema, mikono ameitanua. "Umenisubiri."

Wanawake wakapiga vigelegele. Doutor akapiga goti, kamera jichoni. "Agora, mamã. Agora o rosto!"

"Anasema sasa, shoga," Mwanawetu akaninong'oneza, naye analia. "Sasa uso."

Nikajitanda kanga vizuri. Nikaokota beseni kwa mkono mmoja na birika kwa mkono mwingine, nikampita Doutor, nikaenda mpaka alipo Shaweji. Nikainama kidogo, kama ninavyomwinamia kila mtu anayefika kwangu kutoka mbali.

"Karibu, mgeni," nikasema. "Nawa mikono. Chakula tayari."

Na yule mjinga akanyoosha mikono. Mazoea tu; mtu akiona birika limeinama mbele yake mikono inakwenda yenyewe. Nikammiminia. Akanawa, akasugua mpaka katikati ya vidole, na alipokuwa anasugua vigelegele vikaanza kukatika, kwanza wale wazee walio mbele, kisha wa kati, mpaka kikabaki kigelegele kimoja huko nyuma cha msichana asiyeona vizuri. Yule bibi aliyehamishwa akajiziba mdomo kwa ukaya. Kilichosikika kilikuwa kamera ya Doutor peke yake, inalia kama panya anayetafuna.

"Lindo," alikuwa anasema. "Lindo, lindo."

Shaweji akatazama mikono yake iliyolowa. Akanitazama uso.

"Mgeni? Alima, ni mie. Mumeo."

"Mume wangu yuko safarini."

"We mwanamke umerukwa na akili? Si mie huyu?"

Shehe Suleimane akasogea. Ni mtu wa heshima na mpole, na aliuliza kwa upole. "Alima mwanangu, huyu siye Shaweji?"

"Shehe," nikasema, "mume wangu alikwenda Ruvuma kutafuta mashua. Wewe mwenyewe ulimwekea mkono kichwani. Akasema atarudi nayo kutuchukua. Huyu mgeni kaja na gari la watu. Mwulizeni mashua iko wapi, akiionyesha nanawa sasa hivi."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, sikuhitaji kupaza. Karibu kila aliyekuwa uani pale alikuwa mikokoni. Nikaona shehe anautazama mkono wake wa kulia, anaugeuza, kama umedondokewa na kitu.

Shaweji akaanza kueleza. Kulikuwa na askari mpakani. Mto ulijaa. Simu ilianguka majini. Alitaka kurudi, Mungu shahidi, lakini mambo yakaingiliana. Kila alipomaliza jambo alimtazama mtu mwingine, na kila aliyemtazama alikuwa ameangalia chini. Nimeona wanaume wengi waongo, lakini wengi wao angalau wanauandaa uongo njiani. Huyu alikuwa na safari nzima ndani ya gari na hakufikiri kama ataulizwa.

"Iko wapi, Shaweji?" Buanali akauliza. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza jembe lake lililoazimwa.

Shaweji akafuta mikono kwenye kanzu yake mpya. Nikamkaribisha barazani.

Nilimpa chakula kizuri, asije mtu akasema Alima hajui kupokea wageni. Samaki wa nazi, wali mweupe, sahani imefunikwa kawa, maji ya kunywa kwenye bilauri. Nikamtandikia mkeka barazani na mto mpya. Mlango wa ndani nikaurudisha. Aliposema anataka kuingia chumbani kwake, nikamwambia kwa adabu kwamba wageni wanalala barazani, na watu waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo ili wasikie atajibu nini. Akakaa chini.

Nilikwenda kisimani na msiro wangu, naye nyuma, ananiita mke wangu, mke wangu. Nilikwenda sokoni na msiro wangu, naye nyuma. Watu wakanisalimia kama siku zote. "Hujambo, Bi Alima? Habari za mume?" "Yuko safarini, salama tu." Wanamwangalia aliye nyuma yangu: "Na mgeni hajambo?" Yule mtu alikuwa akivimba shingo, lakini angefanya nini? Kunipiga mbele ya watu kungembidi aseme yeye ni mume wa nani, na akisema hivyo wangemuuliza tena kuhusu mashua.

Alijaribu jambo moja tu la maana. "Ntakuacha," akanitisha barazani, kwa sauti ya chini. "Nnatoa talaka, utoke hapa na kanga yako."

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa. Lakini nilijua ninazungumza na nani.

"Toa," nikamwambia. "Ila katoe msikitini, Ijumaa, watu wakitoka kusali. Simama mbele yao useme kwa sauti ileile uliyosemea mikokoni."

Jioni ile alihamia kwa Faquir.

Huko ndiko alikogundua kwamba alikwisha kufa. Sijui nani alimwambia habari za hitima. Quionga haina uhaba wa midomo. Nilikuwa uani naokota mbata, ua wa Faquir umepakana na wangu, na nilisikia yote bila kutega sikio. "Umenizika nikiwa hai! Ukala wali wangu!" "Ulikuwa wapi, mwizi we!" Majirani wote walitoka. Shaweji akapanda juu ya kinu cha Faquir, maana ukoo ule hawana adabu na vinu, akaapa mbele ya watu kwamba Alima ni mke wake, hajamwacha wala hatamwacha, kwa sababu bora nyumba ikae na mwanamke kuliko Faquir apate hata kuti moja la kufagilia. Faquir akaapa naye yake, lakini ya Faquir hakuna aliyeyasikiliza. Nikaendelea kuokota mbata zangu. Ndugu wawili wale, kwa upumbavu wao na choyo chao, walinitengenezea mlango ambao mimi mwenyewe nisingeweza kuuchonga.

Kwa maana Shaweji akaondoka kurudi Mtwara bila kuaga, begi kwapani, na sasa Faquir atasema nini? Hawezi kusema nduguye amekufa, Quionga nzima imemwona anatafuna samaki. Hawezi kusema nimeachwa, Quionga nzima imesikia kiapo. Mume wangu yu hai, na yuko safarini. Msiro wangu haujawahi kusema kweli kama unavyosema sasa.

Doutor Clésio alituma picha. Mwanawetu akaja nayo, safari hii hakukimbia. Mimi nimeinama na birika, Shaweji amenyoosha mikono, maji yanang'aa. Imetoka vizuri, siwezi kukataa, yule mtu anajua kamera. Chini pameandikwa: "Mke anamnawisha mumewe mikono. Alama ya msamaha." Anasema itakwenda Lisboa, kule Ureno.

"Nimjibu nini?" Mwanawetu akauliza.

"Mwambie ahsante."

"Nisimweleze?"

"Ulikuwa unatafsiri siku zote hizo, wewe ulimweleza?"

Mwanawetu akamwandikia ahsante. Tangu siku ile mbuzi wake anafungwa kamba.

Asubuhi moja baadaye nilikuwa nimekaa na jiwe langu, nasaga kijiti, tone la maji, nasaga. Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nawacheka wote peke yangu, Doutor na viatu vyake vya mlima, Faquir na hitima yake, Shaweji na mikono yake iliyolowa, nikijiona mimi ndiye mwanamke mwerevu kuliko wote kutoka hapa mpaka Ruvuma. Buanali akapita kwenda kukwea, kamba begani.

"Hujambo, Bi Alima? Mgeni wako kaondoka?"

"Kaondoka."

"Na mumeo?"

"Bado hajarudi."

Alisimama akautazama uso wangu, upande mmoja mweupe, upande mwingine bado. Nilidhani atacheka, kwa kuwa wengine walikuwa wanacheka.

"Usije ukanawa, dada yangu," akasema. "Mie kila nikikuona hivyo nnajua hatujasahaulika. Akija na ile mashua, niite. Sumaia aliniuliza kama ina tanga, sikumjibu."

Akaenda zake, akaanza kukwea mnazi ulio karibu na ua. Nikajipaka upande wa pili. Haukushika. Machozi yaliuchimba mpaka kidevuni, nikaufuta, nikasaga mwingine.